Kamera ndogo ya kupigia picha usiku: Sony, Canon, Ricoh, au simu yako inatosha?

Muulize muuzaji wa kamera ipi inafaa usiku, jibu lake la kwanza litakuwa megapikseli: hii ina 20, ile ina 24, chukua ile. Usiku megapikseli hazikusaidii kitu. Maswali yanayochuja ni mawili: tundu la lenzi lina upana wa milimita ngapi, na unachotaka kukipiga kimetulia au kinatembea. Swali la kwanza linaondoa nusu ya kamera zilizopangwa kwenye kabati la duka. La pili linaamua kati ya zilizobaki, na hapo majibu hutofautiana, kwa sababu mpiga picha za harusi na mpiga picha za mtaani hawatafuti kamera moja.

Nazungumzia kamera ndogo zenye lenzi isiyobadilishwa, zile zinazoingia kwenye pochi au mfuko wa koti. Nimechukua sita ambazo anayetafuta mtumba atakutana nazo mapema. Anza na namba, maelezo yanafuata. Kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na upande mpana ni lenzi ikiwa bado hujaizumu.

| Kamera | Mwaka | Kihisi (mm) | Lenzi | Tundu upande mpana | Uzito |
|---|---|---|---|---|---|
| Canon IXUS 285 HS | 2016 | 6.2 × 4.6 | 25–300, f/3.6–7.0 | 1.25 mm | g 147 |
| Sony RX100 VII | 2019 | 13.2 × 8.8 | 24–200, f/2.8–4.5 | 3.2 mm | g 302 |
| Sony RX100 III | 2014 | 13.2 × 8.8 | 24–70, f/1.8–2.8 | 4.9 mm | g 290 |
| Canon G7 X Mark II | 2016 | 13.2 × 8.8 | 24–100, f/1.8–2.8 | 4.9 mm | g 319 |
| Panasonic LX100 | 2014 | sehemu ya 17.3 × 13 | 24–75, f/1.7–2.8 | 6.4 mm | g 393 |
| Ricoh GR III | 2019 | 23.5 × 15.6 | 28 tu, f/2.8 | 6.5 mm | g 257 |

Safu ya tundu hutaiona kwenye boksi la kamera. Unaipata mwenyewe kwa kugawanya urefu halisi wa lenzi kwa namba ya f, ile ambayo ikiwa kubwa tundu ni dogo. Urefu halisi umeandikwa kwenye pete ya mbele. Kwa RX100 III utasoma 8.8–25.7, na 8.8 ukigawa kwa 1.8 unapata 4.9. Namba ya "24–70" ni ya kulinganishia mandhari tu, kana kwamba unatumia kamera ya filamu ya milimita 35.

Linganisha matundu kwa eneo lake, si kwa upana peke yake. Tundu la 4.9 dhidi ya la 1.25 ni karibu mara nne kwa upana, lakini kwa eneo ni kama mara 15. Ndiyo kusema, mkisimama pamoja barazani, wewe na RX100 III na mwenzako na IXUS, mkapiga kitu kimoja kwa kasi moja ya shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie), yako imepokea mwanga mara 15 ya aliyopokea yeye. Hakuna programu ya kompyuta inayoziba pengo hilo.

Sasa tazama RX100 VII. Ni mpya kwa miaka mitano kuliko RX100 III, ilitoka na bei kubwa zaidi, fokasi yake ni ya kasi ajabu, lakini usiku inazidiwa na ndugu yake mkubwa. Sony walitaka lenzi ifike 200, na kamera ilitakiwa iendelee kuingia mfukoni, basi kilichopunguzwa ni tundu. Mchana ni mashine nzuri kweli. Jua likishazama, ukiwa upande mpana, ina chini ya nusu ya mwanga wa RX100 III. Mtu akikwambia "chukua ya mwisho kutoka," mwambie inategemea saa unayopiga picha. Ukitaka Sony yenye fokasi ya kasi na tundu pana kwa pamoja, tafuta RX100 V ya 2016 au VA ya 2018. Hizo zina lenzi ileile ya 24–70, na fokasi yake haipapasi sana gizani.

Kabla hujatoa hela, itoe simu yako mfukoni. Tangu Google walete Night Sight mwishoni mwa 2018, na Apple wakafuata na hali ya usiku kwenye iPhone 11 mwaka 2019, simu imejifunza hila moja: inapiga picha nyingi kwa mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine, kisha inazichanganya ili chenga, zile nukta zinazochafua picha ya gizani, zipungue. Kwa kitu kilichotulia, jengo, mlango wa Mji Mkongwe, sahani ya urojo mezani, simu ya miaka ya karibuni inaishinda IXUS bila taabu. Kwa hiyo kamera ndogo za kihisi kidogo kama ile ya kwanza kwenye jedwali sizipendekezi kabisa kwa kazi ya usiku bila flashi. Zaidi ya hayo IXUS 285 haitoi faili la RAW, yaani picha ghafi ya kusafisha mwenyewe kwenye kompyuta, na ISO yake, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga hafifu, inaishia 3200.

Simu inakwama watu wanapotembea. Ile mfululizo inachukua sekunde moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na mtu hawezi kugandishwa sekunde mbili. Utapata ukuta safi kabisa na nyuso zilizofutika. Hapo ndipo kamera inapoanza kustahili bei yake.

Forodhani, saa mbili usiku

Chukua mfano wa bustani ya Forodhani, Unguja, mbele ya Ngome Kongwe, kwa sababu pale kuna kila tabu ya usiku mahali pamoja. Taa za balbu nyeupe zinaning'inia juu ya meza za wauzaji, moshi wa mishkaki unapita mbele ya taa, nyuma ni bahari nyeusi, na hakuna anayesimama tuli hata nukta moja. Muuza mishkaki anageuza vijiti kwa mkono mmoja na kupepea makaa kwa mwingine. Mkono unaopepea ukipigwa kwa shata ya 1/30 ya sekunde unakuwa wingu. Kwa 1/125 vidole vinaonekana, na kama una bahati na cheche pia.

Basi ifanye 1/125 iwe sheria. Katika mwanga wa aina ile, RX100 III iliyo kwenye 24 na f/1.8 itahitaji ISO 1250 hivi. G7 X Mark II ni hivyohivyo. RX100 VII kwa kuwa inaanzia f/2.8 itadai ISO 3200 kwenye kihisi kilekile, na chenga zitaonekana kwenye kila kivuli. IXUS itataka ISO 5000, nayo haina, kwa hiyo kwenye otomatiki itashusha kasi bila kukuuliza na mkono utarudi kuwa wingu.

GR III nayo ni f/2.8, kwa hiyo nayo itadai ISO 3200. Wengi husoma hapo wakaiacha. Tatizo ni kwamba ISO ya kihisi kikubwa na ISO ya kihisi kidogo hazilinganishwi uso kwa uso. Kihisi cha GR III kina eneo mara tatu na ushei la kile cha RX100, kwa hiyo 3200 yake inafanana na 1000 ya Sony. Sony ikiwa kwenye 24 na f/1.8, kamera hizi mbili zinakaribiana sana, Ricoh akitangulia kidogo.

Sema Sony ina kasoro moja ambayo jedwali haliioneshi. Ile f/1.8 ipo kwenye 24 tu. Ukizumu kidogo inaanza kushuka, na kabla hujafika 35 umeshafika f/2.8. Canon G7 X Mark II inashuka taratibu zaidi, ndiyo maana kwa zumu ya katikati, ile ya kupiga mtu kuanzia kiunoni, Canon inatoa picha safi kuliko Sony ingawa kwenye boksi zinasomeka sawa. Ukiwa na RX100 III usiku, iache kwenye 24 usogee kwa miguu.

Mtu wa Forodhani, kwa hukumu yangu, achukue GR III kama ana ujasiri wa kusimama hatua tatu kutoka kwa mtu, au RX100 III kama anataka uwezo wa kuvuta kidogo pale mwanga unaporuhusu. Kuna na sababu ya kiubinadamu. GR III ni nyeusi, haina lenzi inayojitokeza sana, watu huidhani kamera ya zamani isiyo na maana. Mfanyabiashara anaendelea na kazi yake. Omba ruhusa hata hivyo. Ukinunua mishkaki kwanza, mazungumzo huwa mepesi.

Fokasi gizani

Kamera nyingi ndogo huanza kupapasa mwanga ukipungua. Kioo kinaonesha picha ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, na tukio limeshapita. RX100 III na G7 X Mark II zina taa ndogo ya kusaidia fokasi, lakini taa ile ikimulika usoni mwa mtu, kila mmoja anajua unampiga. Mimi huizima mtaani na kuiwasha ukumbini.

Hata GR III, watumiaji wake wengi hulalamikia fokasi yake ya usiku. Ila ina dawa ambayo wengine hawana kwa urahisi huo: unaipangia umbali mapema, mita 1.5, 2, 2.5 au 5, kisha ukibonyeza kitufe mpaka mwisho kwa mkupuo haitafuti kitu, inapiga papo hapo. Ukiiweka mita 2 kwenye f/2.8, kila kilichopo kati ya mita moja na nusu na mita tatu kitaonekana wazi bila ukungu. Ndio umbali wa mtu anayepita ubavuni mwako kwenye vichochoro. Ukishazoea, hata kwenye kioo huangalii.

Sony unaweza kuifanyia kitu cha namna hiyo kwa fokasi ya mkono. Ikiwa kwenye 24 na f/1.8, weka mita 4, na kila kitu kuanzia mita 2 mpaka upeo wa macho kitakubalika. Hiyo ndiyo faida ya kihisi kidogo ambayo watu husahau kuitaja: kina cha picha ni kirefu, kwa hiyo ukikosea umbali kidogo haikuadhibu.

Ukumbini: harusi, sendofu, kichen pati

Hapa mchezo unabadilika, kwa sababu ukumbini unaruhusiwa flashi na unahitaji kuvuta. Bibi harusi yuko jukwaani, kamati imekaa mbele, wewe uko meza ya kumi na nne. GR III yenye 28 tu na isiyo na flashi inakuwa kamera ya kupiga keki. Kuikata picha kwenye kompyuta kunasaidia kidogo, baada ya hapo unatupa ule mwanga wote uliolipia. Toleo la GR IIIx la 2021, lenye lenzi ya 40, linapunguza tatizo bila kulimaliza.

G7 X Mark II ndiyo ninayompa mtu wa shughuli. Kwenye 100 bado ina f/2.8, na tundu lake pale linafika milimita 13. RX100 III inaishia 70. RX100 VII inafika 100 na kupita, lakini pale imeshakuwa f/4 hivi, kwa hiyo ISO itakayodai ni mara mbili ya ile ya Canon. Halafu Canon ina gurudumu la juu la kupandisha na kushusha mwanga wa picha, unaligeuza kwa dole gumba bila kuingia kwenye menyu. Mtu akiwa anatuza, anacheza huku anapanda jukwaani na noti mkononi, huna muda wa menyu.

Flashi ya kamera hizi ni ya zenoni, na tofauti yake na ile taa ya simu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Taa ya simu inawaka tu kama tochi. Flashi ya zenoni inamaliza kazi yake chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo mchezaji anagandishwa hewani, pindo la kanga likiwa limeinuka. Kwenye Sony na Canon zote mbili, flashi inayochomoza juu unaweza kuisukuma kwa kidole ikaelekea darini. Dari ikiwa nyeupe na si ya juu sana, mwanga unarudi laini, uso haung'ai na kivuli cheusi nyuma ya kichwa kinapotea. Kumbi nyingi zimefunika dari kwa vitambaa vya rangi, hapo mwanga utarudi na rangi ya kitambaa. Zambarau usoni haipendezi mtu.

Ukitaka taa za ukumbi zibaki zinaonekana, weka flashi ya shata ya polepole: kamera inapiga flashi lakini inaacha shata wazi kwa 1/30 au 1/15, flashi inamgandisha mtu na shata inakusanya taa za nyuma. Vijana wanaotafuta picha za mtindo wa kamera za miaka ya 2000 wanapenda kinyume chake, flashi ya uso kwa uso, nyuma giza totoro. Kwa mtindo huo hata IXUS inatosha, na hapo sina ugomvi nayo.

Neno moja kwa wageni wa shughuli za pwani: kwenye sherehe za wanawake peke yao kamera mara nyingi hairuhusiwi, au anapiga aliyeteuliwa tu. Uliza mwenye shughuli kabla ya kuitoa kwenye pochi.

Ngozi nyeusi, usiku mweusi

Kamera zote sita hupima mwanga kwa kudhani picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Anga jeusi likijaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na taa zinaungua. Kipaji cha uso chenye jasho kinakuwa doa jeupe. Kwa picha ya mtu aliye chini ya taa, shusha fidia ya mwanga (ule mpangilio wa kupandisha na kushusha mwanga wa picha) mpaka −0.7 au −1, na ngozi itarudi na rangi yake halisi, ile ya shaba au ya kahawa, badala ya kijivu.

Taa ikiwa nyuma yake, fanya kinyume. Pandisha, hata kama taa itaungua, kwa sababu uso mweusi ulioachwa gizani ukija kuuvuta baadaye kwenye kompyuta, chenga zote zitakuwa zimejikusanya kwenye ngozi. Na programu ya ndani ya kamera ikijaribu kuzifuta, inafuta na ngozi pamoja, mtu anatoka kama sanamu la nta. Punguza kazi ya kufuta chenga kwenye menyu, au piga RAW ufute mwenyewe kwa kiasi. Kuna na njia rahisi kuliko zote hizo: mwombe mtu ageuke nusu aitazame taa. Taa ya ubavuni kwenye ngozi nyeusi inatoa picha ambayo ngozi nyeupe haiwezi kutoa, kwa sababu mng'ao unachora shavu na mfupa wa pua peke yake.

Kuhusu rangi ya taa, sipendi kuiacha kamera iamue. Taa za njano za barabarani ziache ziwe njano. Kwenye otomatiki, picha moja inatoka ya samawati, inayofuata ya machungwa, na albamu inakuwa vurugu.

Tena usitumie shata ya kimyakimya ya elektroniki chini ya taa za umeme, kwa kamera zilizo nayo. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa hupepesa mara 100, na shata ya elektroniki inasoma kihisi mstari kwa mstari, kwa hiyo picha inatoka na mapande ya mwanga na giza kama jamvi. Shata ya kawaida kwenye 1/100 au 1/50 haina shida hiyo.

Panasonic inayosahaulika

LX100 ndiyo ya kuonea huruma kwenye jedwali lile. Tundu lake upande mpana ni karibu sawa na la GR III, tena likiwa kwenye 24, na zumu inafika 75 ikiwa bado f/2.8 na tundu la milimita 12. Kwa mwanga peke yake hakuna yenye zumu inayoikaribia hapa. Ina pete ya tundu kwenye lenzi na gurudumu la kasi ya shata juu, unaona mpangilio wako wote hata kamera ikiwa imezimwa. Megapikseli zake ni 12.8 tu, na hizo zinatosha kuchapa picha ya ukutani.

Ila ni nene. Haiingii mfuko wa suruali, kioo chake hakipindi, na flashi ni kipande cha pembeni unachokichomeka, yaani kipande cha kusahau nyumbani. Anayebeba begi kila siku aiangalie kwa makini kabla ya kumpa Sony hela. Asiyebeba begi ataiacha kabatini, na kamera ya kabatini haipigi picha za usiku wala mchana.

Mitaa iliyolala, bahari na nyota

Kitu kikiwa kimetulia, tofauti ya kamera hizi inapungua sana, kwa sababu sasa unaweza kuacha shata wazi. Mfumo wa kutuliza mtikisiko upo kwenye zote. Kwa mkono uliotulia, mtu ameegemea nguzo, 1/8 inawezekana kwenye lenzi pana, na mwenye bahati anapata 1/4. Kumbuka mfumo huo unatuliza mkono wako tu. Mpita njia ataendelea kupita.

Chini ya hapo, tafuta traipodi ndogo ya kuweka juu ya ukuta, washa kihesabio cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, ISO irudishe 200 au 100. Hapo hata RX100 VII inarudi kwenye heshima yake, na zumu yake inakuwa faida: unaweza kuvuta taa za dau za wavuvi kutoka ufukweni. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, mwezi usipokuwepo, na taa zao za karabai, au za LED siku hizi, zinajipanga baharini kwa mstari. Acha shata sekunde 2 mpaka 4. Ukizidisha, mawimbi yanazitikisa dau na kila taa inakuwa mkwaruzo.

Siku hizohizo za giza ndizo za nyota. Mwezi wa saba, saa nne au tano usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kinakuwa juu kabisa kwa watu wa pwani yetu, karibu na utosi, na huko Ulaya wanakiona chini upeoni. Gawa 500 kwa namba ya lenzi kupata sekunde za juu kabla nyota hazijaanza kuvutika: kwa 24 ni kama sekunde 20, kwa 28 ni 18. Mimi hupendelea kushuka mpaka 15. Sony na Canon zikiwa f/1.8 anza na ISO 1600, Ricoh ikiwa f/2.8 anza na 3200. GR III inatoa nyota kali mpaka pembeni, Sony kwenye f/1.8 huzivuta kidogo pembeni zikawa kama vindege. Mwezi huo ni wa kusi, upepo hauchezi, na kamera ya gramu 300 juu ya traipodi ya plastiki inatikisika. Ikalishe chini, mchangani, juu ya kitabu au ndala.

Na unapopiga usiku mijini, epuka bandari, vivuko, madaraja yenye ulinzi, kambi na majengo ya serikali. Mlinzi hajali kwamba ulikuwa unafuata taa.

Betri, chumvi, na mtumba

Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, RX100 III inatoa picha kama 320 kwa chaji moja, LX100 300, G7 X Mark II 265, na GR III 200 tu. Mwenye Ricoh anunue betri ya pili siku hiyohiyo. Afueni ni kwamba inachaji kwa waya wa USB-C, kwa hiyo pawabenki ya simu inaitosha.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyozibwa dhidi ya maji na vumbi. Lenzi zinazoingia na kutoka huvuta hewa ndani, na hewa ya ufukweni ina mchanga na chumvi. Kwa GR III vumbi likishakaa juu ya kihisi linaonekana kama doa kwenye anga, na kulitoa ni kazi ya fundi kwa sababu lenzi haifunguki. Ukirudi nyumbani usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa. Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo.

Hilo la kuvu ndilo la kuangalia kwanza ukinunua mtumba. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lenzi kwa upande, tafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kisha funika lenzi kwa kiganja, piga picha ya sekunde 10 kwa ISO 1600, na uikuze kwenye kioo: nukta chache za rangi ni kawaida, zikiwa zimetapakaa kama nyota, rudisha. Izime na kuiwasha mara kadhaa ukisikiliza lenzi inavyotoka. Ikikwaruza, kuna mchanga. Zumu mpaka mwisho na kurudi. Chomoza flashi, ipige.

Mwisho, fungua menyu. Sony zilizouzwa kwa soko la Japani kwa kawaida zina lugha moja tu, Kijapani, na huwezi kuibadilisha kwa kubonyeza. Ndiyo sababu baadhi yake huuzwa bei ya chini inayotia tamaa. Kama husomi Kijapani na huna picha za menyu ya Kiingereza za kukariri vifungo, tafuta iliyotoka soko jingine.